Kitovu cha Donge

Nimeshusha gunia tisa mlango wa nyuma,
lumbesa zote, shingo zimebanwa kwa katani,
na Ambwene mpishi akasema: Shangazi, leo huondoki
kabla hujakaa mezani, upande wa wateja.

Basi nikaingia kwa mlango wa mbele, hapa Forest Mpya,
na viatu vyangu vya Santilya, vyenye udongo wa Santilya,
vikiandika sakafu ile nyeupe kama barua.

Taa zinaning'inia ndani ya vibuyu vya waya.
Viti havifanani hata viwili, nadhani ndiyo fasheni.
Vijana wa benki wanapiga picha sahani zao
kabla ya kusali, au badala ya kusali.
Dirishani, Loleza umejifunika ukungu hadi kidevuni
kama mgonjwa asiyetaka kujuliwa hali.

Vyakula vimeandikwa kwa chaki, ubaoni:
kabichi nyekundu ya siki na tufaha,
nyama ya nguruwe iliyokaa tanurini saa nne.
Yaani kitimoto, namwambia mhudumu.
Anacheka kwa adabu. Hapa tunaiita kwa jina la jimbo, mama.
Jimbo gani?
La katikati ya Ujerumani, lina misitu na baridi,
Ambwene alikaa huko miaka mitatu akisugua masufuria ya watu
mpaka wakamwachia mwiko.

Chini kabisa ya ubao: madonge ya viazi, mawili,
elfu kumi na nane.
Nikahesabu kwa vidole chini ya meza.
Kwa elfu kumi na nane mimi ningekupa debe na nusu
na kukushukuru, na kukubebea mpaka barabarani.

Yakaja.
Meupe, yanang'aa kama vichwa vya pacha waliotoka kuogeshwa,
yamekaa kwenye mchuzi mzito wa kahawia.
Donge nono, kama wasemavyo redioni.
Nikakata kwa kijiko. Laini.
Kiazi kilichosahau kwamba kiliwahi kuwa kiazi,
kimekunwa, kimekamuliwa kwa kitambaa hadi kikatoa machozi,
kikaunganishwa na ndugu yake aliyekwisha kuchemshwa.
Nikatafuna.

Kru.

Jasho likanitoka hadi kwapani.
Maana mwaka ule wa mvua ya mawe,
shamba limelala chini na ada ya shule imesimama wima,
nilitia mawe mawili katika gunia la tajiri wa Mwanjelwa.
Madogo, ya mtoni, yenye rangi ya kiazi.
Sikumwambia mtu, hata marehemu Mwazembe
tuliyegawana naye blanketi moja.
Nikajua: limerudi.
Limezunguka masoko yote ya Mbeya miaka kumi na mmoja
likiniulizia kwa jina,
limenikuta leo, nimevaa kitenge cha sherehe.

Nikalitema kiganjani polepole.

Mkate.
Kipande cha mkate kilichokaangwa kwa siagi,
kidogo, kama kete ya bao.

Ambwene akatoka jikoni akifuta mikono.
Hicho ndicho kitovu chake, akasema.
Kule, donge lisilo na kitu ndani wanakurudishia sahani.
Bibi aliyenifundisha alikuwa akinipiga kwa kijiko nikisahau.
Kuna kasoro, shangazi?

Kasoro.
Nikakitazama. Nikakirudisha kinywani, nikakitafuna
mpaka mwisho, na siagi yake yote.
Hakuna, nikasema. Ila usinunue tena kwa lumbesa.
Safari ijayo nakuja na mizani,
na kila gunia tutalimwaga hapo uani, ulitazame.

Akadhani namtania kuhusu bei.
Akacheka, akaniongezea kabichi.

Donge la pili nimelifunga kwenye gazeti,
lipo mapajani mwangu, bado lina joto.
Kirikuu kinapanda kuelekea Umalila,
magunia matupu yanapigapiga nyuma.
Mjukuu wangu atauma, atakunja uso,
ataniuliza: Bibi, ni jiwe?

Nitamwacha kwanza atafune.