Sahani Nambari 0417

Kwanza ni kupika. Watu husahau hilo.
Unga wa mwani na nyama, gramu kwa gramu,
kwenye mizani inayotetemeka
kila lori linapopita Barabara ya Lunga Lunga.
Kisha sufuria ya mvuke, dakika kumi na tano,
na Bwana Kevogo mlangoni:
"Usiongeze damu ikiwa moto hivyo.
Iguse shavuni kwanza,
kama chupa ya maziwa ya mtoto."

Damu ni ya kondoo wa Dagoretti.
Ukiiunguza kwa makusudi hugeuka kahawia,
tukaiita chokoleti. Mwanafunzi mmoja
aliwahi kuuliza kama huliwa.

Nyanya yangu kule Othaya, aliposikia
kazi yangu ni kuhesabu makoloni,
alisukuma bakuli kando:
"Kwani hawakurudi kwao?"

*

0417 iliingia saa tisa usiku, mwezi wa Julai.
Choo cha mtoto wa miaka minne, homa siku ya tisa,
jina limeandikwa kwa kalamu inayokwisha: Syokau.
Kitanzi cha waya kikawa chekundu motoni, kikapoa.
Nikachora mistari pembe hadi pembe
kama anayesuka nywele za mtu aliyelala,
kila mstari ukikopa kidogo kwa uliotangulia,
hadi mwishoni abaki mmoja mmoja, mbali na mwenzake.
Upweke ndio huonyesha sura.
Penye msongamano wote ni uji.

Daktari alipiga simu mara tatu.
Huwezi kuuvuta mche ili ukue, nilimwambia.
Mama yake Syokau alikaa kwenye benchi la nje,
leso mbili mabegani, meno yakigongana.
Ndani ya inkubeta zilikuwa nyuzi thelathini na saba:
pahali pekee penye joto katika jengo zima,
na palikuwa pao.

*

Nawajua wengi kwa sura.
Yule anayetambaa sahani nzima kwa mawimbi, asiyejua mpaka.
Yule wa kijani, mwenye harufu ya zabibu
inayokufikia kabla hujafunua
(kunusa ni marufuku; Kevogo alinusa miaka thelathini).
Wa dhahabu, aliyefyeka damu pande zote
kama mtu anayefagia uwanja wake alfajiri.
Na wale wa waridi, wakaao matumboni mwetu bila kodi.

Lakini hawa wa 0417 walikuwa wadogo, wamepauka,
sukari ya MacConkey hawakuigusa.
Kwenye XLD, wekundu, watulivu,
bila lile jicho jeusi tulilofundishwa kulitafuta.

Mwaka wangu wa kwanza ningeandika jina jingine
nikaenda kunywa chai.
Niliandika, mara moja.
Faili lipo. Sisemi zaidi.

Kwa hiyo niliinamisha sahani, taa ikapita chini chini,
na katikati ya mmoja wao, mmoja tu,
doa la masizi lisilofika ncha ya sindano.

Sura ni fununu. Mji huu nao husomwa hivyo:
unatoka mtaa gani? wanakuuliza,
na kabla hujamaliza kujibu
uso wa aliyeuliza umekwishafungwa.
Mimi nilitia tone la seramu kwenye kioo,
nikatikisa, nikahesabu kimoyomoyo.
Wakagandamana.

Nikaandika Typhi, kwa mwandiko wangu mbaya.
Sukari tatu zitathibitisha kesho,
na kesho hiyohiyo nitajua dawa ipi inawaua
na ipi wanaicheka.

Mama aliomba kuwaona. Sheria hairuhusu.
Niliishika sahani nyuma ya kioo cha mlango.
Alitazama kwa muda mrefu,
pumzi yake ikiweka ukungu, akiufuta kwa ncha ya leso.
"Ni wadogo hivi," alisema.
Halafu, kama anayewasifu watoto wa jirani:
"Na wamekaa vizuri."