Kizingiti cha Mfupa

Nimelilaza kifudifudi juu ya meza ya jikoni
kama mgonjwa aliyeambiwa amsubiri daktari,
na daktari ni mimi, fundi wa breki za tramu,
sijawahi kupasua kitu kisicho na magurudumu.

Gitaa jekundu. Zloti mia tatu na arobaini
kwenye gulio la Jumapili kule Bytom,
kati ya pasi mbovu na viatu vya kutelezea barafuni.
Muuzaji alisema, "Linaimba."
Hakusema linaimba nini.

Shingo imenyooka, siwezi kulisingizia:
mataruma ishirini na moja, yote yamelala sawa.
Lakini uzi wa tatu hautulii. Ukiukaza unakwama,
unalia *tik* pale kwenye kizingiti cha plastiki,
kisha unaipita sauti kama mlevi aliyekosa kidato.
Kirungu kinakwaruza. Na nikisogea karibu na friji
gitaa linavuma wimbo wa friji.

Shemeji yangu Zenon ameniandikia orodha
nyuma ya risiti ya petroli:
sumaku mpya za ng'ambo, mia nne na themanini kwa jozi;
vigingi vya kujifunga, mia mbili na kumi;
daraja la shaba; swichi; na kapasita moja
ndogo kama punje ya dengu, ya redio za kijeshi za zamani.
"Hiyo ndiyo siri," alininong'oneza,
kana kwamba kuta za Chorzów bado zina masikio.
Nimejumlisha. Kilemba kimekizidi kichwa mara tatu.

"Basi liuze, ununue zuri," alisema Jagoda kwenye simu,
binti yangu, aliyehama nyumba mara sita
na hana hata sufuria moja yenye kovu.
Sikumjibu.
Mkononi nilishika bisibisi.

Skrubu kumi na moja. Moja si ya ukoo wao.
Nikafunua plastiki nyeupe, na kumbe
si mimi wa kwanza kuingia humu.
Mtu alishalehemu, vibaya, madonge kama machozi ya mshumaa.
Akapitisha waya wa kengele ya mlangoni.
Akabandika karatasi ya chokoleti kwenye kuta za tundu
kuzuia mvumo, ikaishia katikati:
labda chokoleti ilikwisha, labda subira,
labda aliitwa mezani, akala, akakua, akaoa.
Bado inanukia kidogo. Au ni pua yangu tu na tamaa zake.

Kazini tuna tramu tunayoiita Ajuza.
Imenizidi umri. Tumeibadilisha kila kitu ila kengele,
na hakuna aliyekaa kikao kuamua hivyo.
Breki ikishindwa kusimamisha, inatoka.
Ikichosha macho tu, inabaki.

Jumapili palikuwa na supu. Mfupa wa ng'ombe
niliuwahi kabla Zenon hajaanza kuufyonza.
Nikauchemsha mara tatu, nikaukausha juu ya mabomba ya joto,
msumeno, tupa, msasa,
jikoni kote kukanuka kama kwa daktari wa meno.
Milimita arobaini na mbili. Mifereji sita.
Wa kwanza niliuharibu. Wa pili pia,
nikatukana kwa maneno ya karakana hadi jirani akagonga ukuta.
Wa tatu ulikaa.

Karatasi ya chokoleti nimeimalizia;
upande wangu ni wa njugu.
Lehemu yake nimeipasha moto tena, ikajinyoosha.
Waya wa kengele nimeuacha.
Sumaku, bado. Labda ukitoka mshahara wa kumi na tatu.
Labda hata hapo nitanunua viatu.
Kirungu kinakwaruza kwenye nne,
kwa hiyo kwenye nne sikai, napita haraka.

Saa tano usiku. Nikaukaza uzi wa tatu.
Ukapanda, ukavuka kizingiti bila kujikwaa,
ukakaa.
Kwenye kona, friji ikavuma peke yake.