Mlango wa Sita

Gethin anaijua milango kwa sauti:
wa tatu hukohoa,
wa tano hujiuma ulimi,
wa sita hufunguka Alhamisi tu,
mama yake akija na sweta mpya,
mvua ya Wales mabegani.

Aliletwa kwa miezi tisa.
Sasa ana mvi mbili. Kazipa majina.

Kikaoni walimketisha karibu na dirisha,
wakazungumza juu ya kichwa chake
kama watu wanaopitishiana chumvi.
Daktari akasema: bado.
Eluned, muuguzi wa zamu,
alizibana funguo mfukoni zisilie.

"Bado," Gethin akarudia, akicheka,
akaunyoshea kidole mtufaha nje ya ua:
majani yamekwisha kitambo,
tunda moja juu, limekunjamana.
"Bado lipo."

Karani hakuliandika hilo.