Kibonyezo cha Tatu

Nazih alipofunga duka la vitambaa pale avenyu Kasai
alinilipa nusu kwa faranga, nusu kwa santuri.
Za marehemu baba yake, alisema,
na huko aendako hana pa kuziweka.
Nilikuwa nimebeba marobota kumi na manane hadi kwenye lori.
Sikubishana. Mgongo ulikwisha kukubali.

Ya tatu ilikuwa imeliwa jalada na mchwa.
Majina yote yamekwenda,
zimebaki herufi mbili za Kiarabu
na picha ya wanaume wawili kwenye benchi moja:
huyu ana saksafoni na suti nzito ya baridi ya Ulaya,
yule ameukumbatia udi
kama mtu aliyeachiwa mtoto wa jirani
na anaomba asiamke.

Usiku huo, ajabu, Kamalondo nzima ilikuwa na umeme.
Mwadi anasonga bukari. Nikateremsha sindano.

Kwanza brashi juu ya ngoma, mvua changa kwenye bati.
Kisha besi, inatembea kama mlinzi wa zamu.
Kisha saksafoni ikauliza jambo, kwa adabu,
na udi haukujibu.
Ulikohoa tu. Ukazunguka nyumba.
Ukaingia kwa mlango wa jikoni.

Hapo nikaisikia.

Noti yangu.

Miaka kumi na mmoja napuliza tarumbeta kwenye fanfari ya parokia.
Kibonyezo cha tatu kilipinda siku ya maziko,
umati uliponibana kwenye ukuta wa makaburi,
na tangu hapo hakishuki chote.
Kinatoa sauti isiyo na chumba,
si hii, si ile, imekaa kizingitini
inawazuia wanaoingia na wanaotoka.
Maestro Kapend huitambua hata nikiificha nyuma ya tromboni.
"Yav," husema, "unatuibia robo."
Jumapili ya Matawi akanitoa mstarini.
Nilirudi na tarumbeta chini ya koti, kama chupa.

Na sasa mtu nisiyemjua jina anaigonga ile ile,
makusudi, mara saba,
anaikalia, anaivuta, anaiacha itoe jasho,
na saksafoni, yule bwana wa suti, anajaribu kumfuata,
anateleza, anainama, analegeza tai,
anafika.
Si sawasawa. Lakini amefika.

"Huyo naye chuma chake kimepinda?" Mwadi akauliza.
Nikasema hapana, kwao ndivyo inavyopigwa.
"Kwao wapi?"
Wanajua mchwa.

Nikaitazama tarumbeta msumarini.
Baba aliyeyusha shaba miaka thelathini chini ya lile dohani refu
hata kohozi lake likawa na rangi yake.
Shaba ikapanda treni, ikapanda meli, haikuandika barua.
Huenda kipande chake kimo mikononi mwa yule wa suti.
Huenda ndiyo maana kinainama vile:
kinakumbuka kilivyokuwa uji.

Kisha Snel wakakata.

Santuri ikazunguka kwa uvivu, noti ikashuka,
ikapita robo, ikapita nusu,
ikawa ng'ombe, ikawa kimya.
Mtaa mzima ukaguna, kama kawaida.

Gizani niliishusha tarumbeta.
Sikuitia mafuta. Sikukinyoosha kibonyezo.
Nilianzia pale walipoachia,
mbwa wa Mama Kayakez akajibu kabla ya mtu yeyote,
nikapoteza njia, nikaendelea hivyo hivyo.

Mwadi akaja na mshumaa, akautua juu ya jalada,
katikati ya wale wawili,
akaketi nami kwenye benchi,
mikono bado ina unga.

"Rudia pale," akasema.
"Pale unapokosea."