Mlio Mdogo

Kivuko cha Kilifi kilikwama siku tisa,
na baruti ya bastola ikabaki Mombasa.
Ndipo Karisa wa Idara ya Wanyama
akaja karakanani kwetu, Shela ya Malindi,
kopo la bati kalibana kwapani
kama jogoo wa kuazima.
"Hii ni ya bunduki ya marisau, Mzee Shekuwe.
Baruti si baruti?"

Baba alimimina kidogo kwenye karatasi nyeupe,
vibapa vya kijivu, vyepesi kuliko magamba ya dagaa,
akavitawanya kwa unyoya.
"Chumvi nyeupe, shabu nyeupe," akasema.
"Pikia shabu, kisha uje unihadithie."

Alikitafuta kitabu cha vipimo,
chenye doa la mchuzi kwenye kurasa za bastola.
Jina la kopo lilikuwemo.
Akashika tarakimu ya chini kabisa,
akasimama hapo kama aliyefika ukutani.
"Na lisingekuwemo?"
"Ungerudi na kopo lako."

Mizani aliirithi kwa babu, sonara wa Langoni, Lamu.
Ilikuwa imepima vipini vya pua na vikuku vya maharusi;
ilijua uzito wa mahari,
sasa inafundishwa uzito wa ghadhabu.
Tulifunga madirisha, upepo usitie mkono.
Nilikuwa na miaka kumi na mmoja.
Kazi yangu kuhesabu kwa sauti
na kumulika kila ganda kwa tochi kabla ya kuzibwa,
lisije likawa limekula mara mbili.
Jicho, baba alisema, ni mwongo mwenye adabu.

Maganda matano tu. Siku nzima.

Tukaenda machimboni, nyuma ya Maweni.
Bastola ikafungwa kwenye tairi bovu,
kamba ikapita juu ya ukuta wa matumbawe,
sisi tumelala nyuma yake, mchanga midomoni.
La kwanza: pah.
La pili: pah.
La tatu likasema *puf*,
kama mtoto anayetema kokwa ya ubuyu.

Karisa akacheka. "Hiyo imechoka, tuvute nyingine!"
Mkono wake ulikwisha ifikia kamba.
Baba akamdaka kifundo.
Sikuwahi kumwona akimshika hivyo mtu mzima.
Tukangoja. Siafu walinipanda mguuni, nikangoja.
Kisha akaenda, akaitoa bastola risasi zilizobaki,
akapitisha ufito wa shaba mtutuni,
ufito ukagota katikati.

Risasi ilikuwa imelala humo, kimya,
inamsubiri mwenzake aje kwa nyuma.

Karisa alikaa juu ya jiwe.
Akataja majina ya wanawe sita, mmoja mmoja,
na hakuna aliyemuuliza.

"Iliyopiga kelele imeshasema," baba akamwambia.
"Ogopa iliyonong'ona."
Kopo likafungwa, likarudi kwapani.
Kivuko kilifunguka Jumanne.

Sasa napima dawa hospitalini Lamu,
miligramu, dirisha limefungwa, mazoea.
Juzi baba alinipigia simu.
Huwa anafoka, anauliza bei ya kamba,
anamlaani jirani na mbuzi wake.
Juzi alisema tu:
"Mimi mzima, Somoe. Usijisumbue."
*Puf.*

Niliacha vidonge juu ya meza, sijamaliza kuhesabu.
Nikavuka Mokowe, nikapanda basi la kwanza,
njia nzima mtu wa pembeni akinisimulia kesi ya shamba.

Nilimkuta kitandani, vifungo vya shati vimekosana,
mizani mapajani, sahani zote mbili tupu,
na bado anaitazama isawazike.
"Nani kakwambia uje?"

Sikujibu.
Nilimdaka kifundo cha mkono,
nikatafuta palipokuwa panagonga,
nikaanza kuhesabu kwa sauti.