Jiwe na Kamba

Newala, mwezi wa kumi, siku mbili kabla ya mnada.
Saa tisa usiku simu inatetema chini ya mto:
diski imejaa.
Si diski ya hapa. Ni ya mashine tuliyopanga winguni,
tupu, kama chumba kisicho na taa wala kitasa;
humo nikafunga kila kitu mwenyewe,
hifadhidata, nywila, nakala za usiku,
na kengele hii inayoniamsha.

Wingu. Huku juu neno hilo halina mzaha.
Mama amezeeka kwenye uwanda usio na mto.
Bati lake linamimina kwenye mfereji, mfereji kisimani,
kisima kina mfuniko wa chuma,
na ufunguo uko kwenye pindo la kanga.
Mvua ikichelewa hushusha jiwe kwa kamba,
hulivuta, hutazama unyevu umeishia wapi,
kisha hutangaza: wiki sita, na tuoge kwa kata.
Hakuna anayemtumia bili.
Hakuna aliyemsaidia pia, mwaka ule chura alipoozea humo.

Nami nikakijengea chama kisima.
Wakulima elfu moja na mia nne,
kilo zao, madaraja, makato, kilichobaki.
Mwenyekiti Chimbalanga akiuliza gharama
nilijibu kwa fahari: mifuko miwili ya saruji kwa mwezi.
Usingizi wangu sikuutia kwenye hesabu.

Usiku ule, katika kupunguza, nikafuta nisichopaswa kufuta.
Nikaenda kwenye nakala rudufu.
Zipo. Kumi na moja, zimepangwa kwa tarehe.
Kila moja ina ukubwa wa sifuri.

Asubuhi Bi Somoe Nang'unda yuko dirishani.
Kilo mia sita na kumi na mbili, anasema,
na skrini yangu haimjui.
Hakugomba. Akafungua pindo, akatoa stakabadhi
iliyokunjwa mara nne, ina doa la mafuta ya korosho,
akailaza mezani taratibu
kama mtu anayelaza mtoto mwenye homa.

Siku tatu, mimi na Likwena wa mizani,
karatasi kwa karatasi.
Mnada ukatupita. Uliofuata ulipungua shilingi sabini.

Kikaoni nikasema: tuvute bomba.
Kuna kampuni itakayotutunzia,
itaziba nyufa, itanakili, itaamka yenyewe saa tisa.
Bei ni mara nne. Kwa dola.
Likwena akauliza, "Na siku wakifunga koki?"
"Na kisima kikipasuka?" nikajibu,
sauti ikanitoka ndogo.
Mwenyekiti akazidisha sabini kwa kilo zote za chama,
akageuza karatasi ili asiione tena,
akasaini.

Sasa maji yanakuja.
Wananiandikia kwa adabu: Jumapili saa nane, matengenezo.
Siwajui. Nina ufunguo wa sebuleni tu,
chini kwenye mabomba siruhusiwi.
Kile kifaa nilichokiunga kwa mkono,
cha kutofautisha Namkuna na Namkunda
ili pesa ya huyu isilale kwa yule,
hawakipokei. Nimekiacha nje ya mlango,
na majina hayo nayakagua kwa kidole.

Saa tisa bado naamka.
Simu imelala. Najigeuza,
sijui niwe na furaha au wivu.

Kila Ijumaa nachota nakala moja, naitia kwenye flashi,
flashi kwenye kopo la maziwa ya unga,
kopo nampelekea mama alifungie.
Mara ya kwanza hakuuliza ni kitu gani.
Alilipima kwa mkono, likawa jepesi mno,
akanitazama.

"Umeshusha jiwe?"

Nikanyamaza.
Akanirudishia kopo.