Kishale

Kila Ijumaa saa kumi na moja, Miskolc ikianza kuwasha taa,
baba mkwe akijikwangua gundi vidoleni,
nilichomeka flashi nyekundu kwenye kompyuta,
nikaiburuta folda iitwayo MIGUU,
nikahesabu moja, mbili, imekwisha.
Nikaitia mkobani, kando ya funguo za nyumba.

Ilikwisha upesi mno.
Hilo ningejiuliza.

Wateja mia tano na sabini.
Miguu elfu moja mia moja thelathini na tisa,
maana Bwana Kerekes alituletea mmoja tu.
Nundu ya kidole gumba cha mwalimu Etelka, milimita tisa.
Kisigino cha dereva wa tramu, kilichovunjika mara mbili.
Mtoto wa akina Halmos, ambaye mguu wake wa kulia
humpita wa kushoto kila mwaka,
nasi huongeza soli ili ulimwengu usimwinamie.
Dezső alipima kwa utepe, akatamka namba,
mimi nikachapa.
Yeye skrini haiamini. Ananiamini mimi,
na huo ni mzigo mwingine.

Jumanne moja ya Februari diski ikaanza kugonga:
tk. tk. tk.
kama mgeni abishaye hodi
nyumba ambayo wenyewe wamehama.

Fundi Benedek aliifungua, akatikisa kichwa,
akataja bei ya kompyuta mbili, bila ahadi.
Nikatabasamu. Nikasema, nakala ninayo.
Nikaitoa flashi kwa madaha
ya mtu aliyebeba mwavuli peke yake.

Ikatokea picha ya folda,
na pembeni mwake, chini, kishale cheupe
kidogo kama ukucha uliokatwa.
Nikabofya.
Kitu unachokitafuta hakipo.

Benedek alitazama dirishani, kwa adabu.
"Hii si folda, dada. Ni njia ya mkato.
Ni kidole kinachoonyesha nyumba ilipo."

Kilobaiti mbili.
Ijumaa mia mbili na zaidi nimebeba mkobani
kidole kilichoelekea kwenye nyumba hiyo hiyo moja.
Akiba haiozi, wamesema.
Kweli. Isiyokuwepo itaoza nini?

Nilimkuta Dezső akishona. Nikamweleza yote.
Hakuinua kichwa mpaka uzi ulipokwisha.
"Kalibu za mbao zipo?"
Zipo.
"Basi tutapima tena."

Namba za simu nazo zilikuwa mle mle,
kwa hiyo tukaandika karatasi, tukaibandika mlangoni:
TUNAOMBA MIGUU YENU.
Watu wakacheka, wakaingia.
Nundu ya Etelka sasa ni milimita kumi na moja.
Dereva wa tramu amestaafu, kisigino kimetulia.
Mtoto wa Halmos ana ndevu tatu
na ametaka viatu vyeusi vya dansi.
Nusu ya namba nilizozililia
zilikuwa zimekwisha kuwa uongo.
Wengine hawajaja.
Kalibu zao ziko rafu ya juu; huzipangusa vumbi
bila kujua nampangusa nani.

Siku hizi nakala ni tatu.
Moja dukani. Moja kwa dada yangu kule Eger,
kabatini, chini ya vitambaa vya meza.
Moja mawinguni, kama wanavyopaita,
ingawa Benedek anasema ni ghala tu la mashine
mahali fulani penye baridi.

Lakini Ijumaa haiishi hapo.
Naichomoa flashi, naipeleka kwenye kompyuta kuukuu ya jikoni,
nafungua jina lolote litakalokuja,
nalisoma kwa sauti ili lifike kwenye benchi lake:

"Kerekes Bálint. Kulia, sentimita ishirini na saba na nusu."
Nyundo inatulia.
"Kushoto?"
"Kushoto, hakuna."
"Sahihi," anajibu Dezső,
na nyundo inaendelea.